Kilichotolewa Ndani ya Jumla

Mambo ya Walawi sura ya 11, inapoeleza ni viumbe gani wa majini wanaofaa kuliwa, inataja maji, kisha bahari na mito. Ziwa halimo. Msomaji wa mbali atapita hapo bila kusimama, lakini mtu wa Kendu Bay au wa Sori, kando ya Ziwa Victoria, ambaye samaki wake wote hutoka ziwani, ana haki ya kuuliza kama sheria hiyo ilimkusudia. Ukimjibu kwamba neno "maji" limekwisha kubeba yote, atakuuliza tena: kama maji yalitosha, bahari na mito vilitajwa vya nini? Na kama shabaha ilikuwa bahari na mito, mbona andiko lilianzia kwenye maji? Anayetaka kufupisha maneno atasema Galilaya nayo ni ziwa na Biblia huiita bahari, yakaisha. Mimi sioni sababu ya kuyaacha yaishe upesi hivyo. Swali la mvuvi huyu ndilo lililowakalisha marabi wa Kiyahudi vikao kwa vikao, na ndilo linaloendelea kuwaumiza vichwa majaji wetu wa Kenya tangu tuipate Katiba ya 2010.

Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi hao, katika sehemu iitwayo Hulini, inalichambua andiko hilo kipande kwa kipande. Maji ni neno la jumla. Bahari na mito ni maneno mahususi. Halafu maji yanatajwa tena. Marabi walibishana hata juu ya kanuni ipi itumike hapo, lakini hoja ikaishia hivi: bahari na mito ni maji yaendayo, kwa hiyo maji yote yanayofanana nayo kwa kwenda, pamoja na mitaro na mifereji, yamo ndani ya sheria, na maji yaliyotuama katika visima, mashimo na mapango yametoka. Matokeo yake yanamgusa mtu wa kawaida kabisa. Mwenye kiu aliyeinama kwenye shimo la maji ya mvua anaweza kunywa bila kuhangaika na vidudu vilivyozaliwa humo, ilhali anayechota mtoni hana nafasi hiyo. Kwa kipimo hicho Ziwa Victoria, Nam Lolwe ya Waluo, halina pa kujificha. Upande wetu linapokea mito ya Kuja na Sondu-Miriu, na kule Jinja linautoa mto Nile. Ni maji yaendayo.

Sheria hiyo huku ina wenyewe. Mnamo Novemba 1906 Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, walivuka ghuba kutoka Kisumu wakaanzisha misheni ya Waadventista katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye ikafuata misheni ya Kamagambo, karibu na Rongo, ambako leo ni kaunti ya Migori, na kutoka vituo hivyo Usabato ukaenea Nyanza Kusini. Wasabato ni Wakristo wanaotunza Jumamosi na wanaoisoma sura ile ya Walawi kama sheria ya jikoni: nguruwe haliwi, na samaki asiye na mapezi na magamba haliwi. Katika ufuko uliojaa mumi na kamongo, hilo si jambo la nadharia. Ni kukataa kitoweo ambacho jirani anakila mbele yako na kulamba vidole.

Nilisimama siku moja sokoni Homa Bay, kwenye meza za akina mama wanaouza samaki. Ngege alikuwa akiparuliwa, magamba yakiruka na kumganda mama hadi kiwikoni. Kando yake mumi amelala na sharubu zake, ngozi tupu, nyeusi, inateleza. Mbele kidogo kijana alikuwa amekata kamongo vipande vinene, na alikuwa na haraka ya kumaliza.

"Mama, chukua kamongo," akamwambia mteja. "Ana magamba huyu, hata shuleni wanafundisha."

Kijana hakudanganya. Kamongo ana magamba, madogo, yaliyozama ndani ya ngozi chini ya ute wake.

"Mwanangu, yangekuwa magamba ungeyaparua," mama akamjibu. "Mimi nipe hao ngege wawili."

Katika karne ya 13 huko Hispania, Nachmanides, mmoja wa wafasiri wakubwa wa Torati, aliandika kwamba gamba linalokusudiwa na sheria ni lile linaloweza kubanduliwa bila kuichana ngozi. Mama wa Homa Bay amefika hapo hapo, na aliyemfikisha ni kisu cha sokoni. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunadhani ufasiri wa sheria ni kazi ya watu wa vitabu. Mtu anayeishi chini ya sheria kila siku, tena sheria inayomnyima kitu kitamu, huijua mipaka yake kwa undani kuliko anayeifundisha.

Kuhusu mumi hakuna ubishi wa namna hiyo. Mapezi anayo, magamba hana, na mapezi peke yake hayamsaidii. Mishna, kitabu cha sheria ambacho Talmudi inakifafanua, inasema kila mwenye magamba ana mapezi, lakini wapo wenye mapezi wasio na magamba. Talmudi ikauliza mara moja: ikiwa magamba yanatosha kumtambulisha samaki halali, Torati ilitaja mapezi kwa nini? Jibu lililotolewa ni kwamba Mungu alipenda kuikuza Torati na kuitukuza. Napenda sana kwamba watu waliodai kila neno la sheria lina kazi yake walipofika kwenye neno lililoonekana halina kazi, hawakulifuta wala kulipuuza. Walilipa kazi ya heshima.

Na Kendu Bay si mji wa Wasabato peke yao. Waislamu wamekaa hapo kwa vizazi, wana msikiti wao wa zamani, na wao mumi wanamla bila wasiwasi. Elimu ya misingi ya fikihi, inayosomwa katika vyuo vya pwani kutoka Lamu hadi Unguja, ina mlango mzima juu ya umumi na mahsusi. Kurani imeharamisha mzoga kwa neno la jumla. Ikaja hadithi ya Mtume ikawatoa samaki na nzige, hivyo samaki hahitaji kuchinjwa. Mahsusi yameingia ndani ya umumi yakakata kipande chake, na kilichobaki kimebaki haramu. Meza moja ya samaki, wanunuzi wawili, sheria mbili za kale. Na kila mmoja wao, akiulizwa, ataanza na neno la jumla na kisha aeleze kilichotolewa ndani yake.

Marabi waliziweka kanuni zao wazi mapema. Hilleli, aliyeishi kabla kidogo ya Yesu, anahusishwa na kanuni saba za ufasiri. Rabi Ishmael, mwanzoni mwa karne ya 2, anahusishwa na kumi na tatu, na nyingi kati ya hizo zinahusu uhusiano wa jumla na mahususi. Zimewekwa mwanzoni mwa Sifra, ufafanuzi wa kale wa Mambo ya Walawi, na zimechapishwa katika vitabu vya sala za asubuhi, ili Myahudi anayesali azisome hata asiposoma kitu kingine siku hiyo. Hilo linanigusa kuliko kanuni zenyewe. Watu waliopoteza hekalu, na baadaye mji, waliona kwamba namna ya kusoma sheria isiachwe mikononi mwa anayesoma peke yake. Itangazwe kabla ya ugomvi, na kila mtu aijue, hata atakayeshindwa kesi.

Kanuni ya kwanza ya aina hiyo inasema jumla ikifuatwa na mahususi, mahususi ndiyo mpaka. Mambo ya Walawi 1:2 inazungumzia sadaka ya mnyama, kisha inataja ng'ombe na kundi la kondoo na mbuzi. Basi sadaka ni hao tu. Swala hatolewi, nyati hatolewi, hata kama nao ni wanyama safi wa kuliwa. Kanuni ya pili imegeuzwa: mahususi ikifuatwa na jumla, jumla inaongeza kila kitu. Kutoka sura ya 22 inamzungumzia mtu aliyekabidhiwa na mwenzake punda, ng'ombe, kondoo au mnyama yeyote amtunzie. Hapo wanyama wote wameingia, na huku kwetu, ambako mtu humwachia rafiki ng'ombe wake amlishie kwa miaka, kila mmoja ataona busara yake. Hakuna mlinzi atakayejitetea kwamba alikabidhiwa mbuzi na mbuzi hakutajwa.

Kanuni ya tatu ndiyo yenye utamu. Jumla, mahususi, kisha jumla tena: hapo unaruhusiwa kutoka nje ya vilivyotajwa, ila usichukue kisichofanana navyo. Kumbukumbu la Torati 14:26 inamwambia aliyebeba fedha za zaka kwenda Yerusalemu azitumie kwa chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, kileo, au chochote roho yake itakachomtaka. Marabi wakauliza vilivyotajwa vinashirikiana nini. Wakaona vyote ni mazao yanayotokana na mazao na ambayo uhai wake umetoka ardhini. Kwa hiyo matunda na nyama vimeingia; maji na chumvi vimetoka. Samaki je? Hilo lenyewe lilizua mabishano, na kwa mtu wa ziwani si dogo. (Najua Wasabato huku hawanywi divai wala chang'aa, na kwamba aya hiyo ina maswali yake katika madarasa yao ya Sabato. Hayo ni yao.)

Shule ya Rabi Akiva haikukubali mpango huu wote. Wao walisoma kwa kupanua na kubana: jumla hupanua, mahususi hubana kidogo, na jumla ya mwisho hupanua tena mpaka kila kitu kiingie isipokuwa kitu kimoja kilicho mbali kabisa na vilivyotajwa. Talmudi inaeleza kwamba Ishmael aliipata njia yake kwa Nehunya ben HaKanah na Akiva yake kwa Nahumu wa Gamzo. Yaani tofauti ilikuwa imerithiwa darasani, haikuzushwa siku ya kesi.

Ni vizuri kulinganisha na sheria tuliyoletewa na Mwingereza, ambayo mawakili wa Homa Bay na Migori huitaja kwa Kilatini mbele ya mahakimu. Kwake yeye, maneno mahususi yakifuatwa na neno la jumla, neno la jumla hubanwa libaki katika jamii ya yaliyotangulia. Mwaka 1899 Baraza la Malodi liliamua kesi ya uwanja wa mashindano ya farasi wa Kempton Park. Sheria ya mwaka 1853 ilikataza kuendesha kamari katika nyumba, ofisi, chumba au mahali pengine. Waamuzi wakasema uwanja wa wazi si "mahali pengine" pa aina hiyo, kwa sababu vilivyotajwa vyote ni vya ndani. Rabi Ishmael, kwa mpangilio huo huo wa maneno, angeingiza kila mahali. Watu wawili wenye akili, wote wakiheshimu maandishi, wanafika pande mbili zisizokutana. Kwa hiyo anayesema "mimi nasoma tu kilichoandikwa" hajasema kitu bado. Aseme kwanza anasoma kwa kanuni ipi.

Huko Mbale, Uganda, Semei Kakungulu na wafuasi wake walianza mwaka 1919 kuishika Torati wenyewe, bila rabi wa kuwaongoza, na jamii yao ya Abayudaya ipo hadi leo. Nao walilazimika kuwa na kanuni. Hakuna anayesoma sheria bila kanuni. Wapo tu wasiojua kanuni zao.

Ipo kanuni nyingine ya Rabi Ishmael ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike. Inasema hivi: kitu kilichokuwa ndani ya jumla, kikatolewa nje ya jumla ili kifundishe, hakikutolewa kujifundisha chenyewe tu, kimetolewa kuifundisha jumla nzima. Mfano mmoja mashuhuri unahusu moto. Torati imekataza kazi yote siku ya Sabato. Kuwasha moto ni kazi, kwa hiyo kumo ndani ya katazo. Hata hivyo Kutoka 35:3 inarudi na kukataza kuwasha moto siku ya Sabato, peke yake. Kwa nini? Rabi Yose alisema moto ulitolewa ili uwe na adhabu nyepesi kuliko kazi nyingine. Rabi Nathan alisema hapana: ulitolewa ili kuonyesha kwamba kama vile moto ni kosa linalosimama peke yake, ndivyo kila aina ya kazi inavyosimama peke yake na kuhesabiwa peke yake. Kwa Rabi Nathan aya fupi juu ya jiko imepanga upya sheria yote ya Sabato, kazi zote thelathini na tisa zilizoorodheshwa na marabi.

Nyumba za Wasabato wa Rachuonyo na Rongo zinaijua Ijumaa alasiri kwa sura yake. Nyoyo, chakula cha mahindi na maharagwe, inachemka mapema, maji yanatekwa, nguo zinapigwa pasi, viatu vinapanguswa, na jua likizama kazi imekwisha. Wao hawafuati hesabu ya marabi, lakini wanajua kwamba siku hailindwi kwa kuwaza. Inalindwa kwa kupanga saa.

Sasa turudi kwenye Katiba. Kifungu 32(2) kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini au imani yake, peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani, kwa ibada, matendo, mafundisho au utunzaji wa desturi zake. Hiyo ni jumla pana. Kisha kinaongeza kwamba hiyo ni pamoja na kuadhimisha siku ya ibada. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 78, ilikuwa na jumla inayofanana na hiyo, ila siku ya ibada haikutajwa. Siku ilikuwa ndani ya jumla, maana nani atasema kutunza Sabato si kutunza dini? Mwaka 2010 ikatolewa nje ikatajwa kwa jina.

Ukiisoma kwa kanuni ya kwanza ya Ishmael, jumla kisha mahususi, uhuru wote wa dini nchini Kenya ungesinyaa ukabaki siku moja ya juma. Waandishi wa Katiba waliliona hilo wakalifungia mlango. Kifungu 259(4)(b) kinasema kwamba Katiba inapotumia neno la kujumuisha, kilichotajwa si kikomo. Kanuni ya kusoma imetangazwa kabla ya ugomvi, mahali pa wazi, kama marabi walivyofanya. Ni moja ya sentensi fupi zenye thamani kubwa kabisa katika Katiba yetu, na shule hazifundishi.

Lakini sentensi hiyo inatuambia kile ambacho mfano haufanyi. Haituambii mfano unafanya nini. Ikiwa siku ya ibada si kikomo, na ikiwa ilikuwa ndani ya jumla tangu mwanzo, basi iliandikwa ya nini? Hapo Katiba imenyamaza, na hapo ndipo namsikiliza Rabi Ishmael.

Kesi ilikuja. Kanisa la Waadventista lilikwenda mahakamani kwa niaba ya wanafunzi wake waliokuwa wakilazimika kuhudhuria masomo na shughuli nyingine za shule siku ya Jumamosi. Mahakama Kuu ililikataa ombi hilo. Kanisa likakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nalo kwamba wanafunzi hao wanastahili kupewa nafasi ya kuitunza Sabato yao. Sidai kwamba majaji walikuwa wamemsoma Rabi Ishmael. Nasema kwamba ukiisoma hukumu hiyo ukiwa na kanuni yake mkononi, unaona siku ilitolewa nje ya jumla kufundisha nini.

Mtoto wa Kisabato katika shule ya bweni hakuwa amekatazwa kuamini. Hakuna mwalimu aliyemwambia aache kusali moyoni. Uhuru wa jumla ulikuwepo, tena mzima, na haukumsaidia kitu saa mbili asubuhi ya Jumamosi kengele ilipolia. Anayesali Jumapili hakuhitaji kutajwa, kwa sababu kalenda ya serikali ilikwisha kumtaja tangu ukoloni. Aliyehitaji kutajwa ni yule ambaye ratiba ya wengi inampita juu. Siku ya ibada ilipotolewa nje ikafundisha kwamba uhuru wa dini unachukua nafasi: unachukua saa kwenye ratiba, unachukua kiti kinachobaki kitupu darasani, unamlazimu mwenye mamlaka asogee kidogo. Na kwa kanuni ile, funzo hilo halikuwa la Sabato peke yake. Linahusu jumla yote.

Nafikiri hivi ndivyo mahususi huingia katika sheria mara nyingi. Mtu aliumia juu ya jambo fulani, jumla haikumtetea, na safari iliyofuata akasisitiza jambo lake liandikwe kwa jina. Orodha ndani ya sheria ni kumbukumbu za magomvi. Anayezisoma kama ua la kuzuia wengine wasiingie amesahau kwamba waliotajwa walikuwa nje juzi tu.

Homa Bay inaujua pia upande mchungu wa swali hili. Kifungu 27(4) kinakataza ubaguzi kwa msingi wowote, na kinaorodhesha: rangi, jinsia, mimba, hali ya ndoa, afya, asili, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa. Orodha inaanza kwa neno lile lile la kujumuisha. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba orodha hiyo ni ya mifano, na kwamba watu wanaopendana kwa jinsia moja hawawezi kunyimwa usajili wa shirika lao kwa sababu hiyo. Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, aliomba uamuzi huo uangaliwe upya, na ombi lake likatupwa Septemba mwaka huo. Mabishano yalifika kila meza ya chai, na mengi yalikuwa juu ya kama msemaji anawapenda au hawapendi watu hao. Ningependa yangekuwa juu ya swali la marabi: vilivyotajwa vinashirikiana nini? Rangi, umri, ulemavu na kuzaliwa ni mambo ambayo mtu hakuyachagua. Dini, dhamiri na mavazi mtu anaweza kuyabadili, lakini akilazimishwa kuyavua atakuwa amevuliwa nafsi yake. Hapo kuna kipimo, na anayepinga uamuzi ule na anayeuunga mkono wote wawili wanaweza kukitumia na kuonyesha kazi yao mbele ya watu. Bila kipimo, neno la kujumuisha linabaki mlango ambao kila kizazi kinaufungua au kuufunga kwa hasira zake.

Swali lijalo linaweza kutoka Migori. Got Kwer, mlima wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto, huwapokea mahujaji kutoka mbali. Tuseme mwanafunzi wa Legio anaomba ruhusa ya siku kadhaa katikati ya muhula aende hija, na shule inakataa. Mavazi yake yametajwa katika Kifungu 27. Siku ya ibada imetajwa katika Kifungu 32. Hija haikutajwa popote. Wakili wa shule atasema Sabato ilikuwa na jina lake na hija haina, na kwamba siku moja ya juma inajulikana mapema ilhali safari ya mlimani inavunja muhula. Hoja hiyo ina uzito. Wakili wa mtoto atasema kilichotajwa si kikomo, nalo ni kweli lakini halitoshi, maana kwa hoja hiyo peke yake mtu angeweza kuomba lolote. Jaji wa Migori itabidi aulize siku ya ibada ilitolewa nje ya jumla kufundisha nini: kwamba wakati uliotengwa kwa Mungu unalindwa hata unapoiudhi ratiba, au kwamba unalindwa pale tu unaporudi kila juma kwa mpango unaojulikana. Mimi nasimama na la kwanza. La pili linawezekana kuandikwa na mtu mwaminifu, na kama litaandikwa, liandikwe na kanuni yake kando, ili mzazi atakayeshindwa aone ameshindwa na nini.